Ulimi wa Kuazima

Fundi alikuwa na neno moja tu la chakula. Tamu. Ukimpa supu, tamu. Ukimpa mkate uliolala, tamu. Siku mkewe alipounguza sufuria mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, Fundi alikomba sahani, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akasema tamu, akarudi kwenye kibanda chake cha kufuli na funguo. Na mkewe alikuwa mpishi wa mgahawa, mtu anayeitwa mezani na wageni wenye tai ili wamshike mkono. Alizoea kuwaambia wenzake, "Mimi nimeolewa na kasuku. Alifundishwa neno moja, akaona linatosha."

Basi asubuhi ile Fundi aliposema neno jingine, mkewe alijua mambo yameharibika.

Walikuwa wanakunywa chai. Mkewe ndiyo kwanza ametoka kwenye mafua mabaya, yale ya kumlaza mtu asijue mchana wala jioni. Homa ilikwisha, kikohozi kikamwacha, akarudi kazini. Asubuhi hiyo alimimina chai ya maziwa, akampa mumewe kikombe, naye akanywa nusu ya chake kwa mkupuo mmoja. Fundi alionja, akakitua kikombe.

"Maziwa haya yamekufa," alisema.

Mkewe akamtazama. Akanusa kikombe chake. Akanusa tena, pua ndani kabisa, mpaka mvuke ukamlowesha.

"Yamekufa kivipi?"

"Yamechacha. Hayanyweki."

Mkewe aliinuka. Alifungua kabati, akatoa chupa ya siki, akanywa kijiko kizima bila kukunja uso. Akachukua kitunguu saumu, akamenya punje, akaitafuna. Machozi yalianza kumtoka. Fundi alidhani ni ukali wa saumu.

"Sisikii kitu," mkewe alisema. "Ni kama natafuna mshumaa."

Fundi hakuwa mtu wa maneno, na siku hiyo hata mwenye maneno hakuwa nayo. Fundi alimwaga chai, akaosha vikombe vyote viwili, akamletea mkewe viatu vya kazi mpaka mlangoni. Jambo hilo hakuwahi kulifanya tangu waoane.

Mgahawa ulikuwa mdogo na wenye jina zuri. Jikoni kulikuwa kwembamba kama korido: dirisha moja, feni inayopiga kelele bila kupoza, jiko la gesi ukutani, na mkabala wake meza ya bati ya kukatia saladi. Jiko lile lilikuwa la mkewe Fundi. Si kwamba alilinunua, la. Lakini alilipokea likiwa ndani ya boksi, na tangu hapo hakuna mtu mwingine aliyeshika kikaango pale mbele yake. Aliyajua mafiga yake kama mtu anavyowajua watoto: hili lina hasira, hili mvivu, hili usilipe kisogo.

Mwenye mgahawa waliyemwita Mama Bosi alikuwa mwanamke wa maneno ya haraka na viatu vya kimya. Humsikii anakuja, unamkuta amefika. Kwenye meza ya saladi alisimama wifi yake, na jikoni kote watu walimwita Wifi, hata wanaume wasiohusika. Wifi alikuwa hodari, lazima isemwe. Lakini alilitazama lile jiko kama abiria aliyesimama anavyotazama kiti cha mtu anayekaribia kushuka.

Na Wifi alikuwa na macho. Mpishi alipika kwa mazoea, chumvi kwa kidole, mafuta kwa sauti yake yakilia, akafanikiwa kwa muda. Kisha siku moja supu ikarudi kutoka mezani. Siku nyingine siagi iliyoharibika ikapita mkononi mwake na kuingia kwenye sahani.

"Siku hizi mpishi wetu anapeleka kijiko mdomoni," Wifi alisema, akikata matango bila kuinua kichwa, "lakini uso wake haujibu."

Mama Bosi alisikia. Wiki hiyo hiyo akaingia jikoni na habari. Kuna bwana mwenye mashamba ya mizabibu atakuja kula chakula cha mchana pamoja na watu wake. Anatafuta mgahawa mmoja wa kuuzia mvinyo wake mweupe, ule mkavu usio na sukari, unaonywewa baridi. Ataleta chupa zake mwenyewe, na anataka ale chakula kinachoendana nao.

"Nakuachia wewe," Mama Bosi alimwambia mpishi. "Mvinyo ukipatana na chakula chako, tumepona wote. Ila nasema wazi mbele ya kila mtu ili nisiitwe mnafiki: meza hiyo ikiharibika, jiko nampa Wifi."

Wifi akaacha kukata matango.

Jioni ile mpishi alirudi nyumbani na mfuko. Alitandika kitambaa mezani, akapanga vitu mbele ya mumewe: chupa ya mvinyo mweupe aliyopewa kama mfano, limao, jibini ya mbuzi, kipande cha samaki wa kukaanga, biskuti, na mnofu wa ng'ombe uliochomwa.

"Leo kuna mgeni?" Fundi aliuliza.

"Mgeni ni wewe. Naazima ulimi wako."

Akamimina kidogo kwenye glasi. Fundi alikunywa, akafikiri.

"Tamu," akasema.

"Fundi!"

"Sasa nisemeje?"

"Tamu si neno, tamu ni mlango umefungwa. Wewe si fundi kufuli? Fungua."

Fundi alikunywa tena. Aliuzungusha mvinyo mdomoni, na mkewe akamwachia. Huyu alikuwa mtu aliyezoea kubana funguo kwa meno wakati mikono yake iko kwenye kitasa. Ulimi wake uliyajua madini kabla ya kujua chochote.

"Ni kama ufunguo mpya," alisema mwisho. "Ambao haujashikwa na mtu. Umelala nje, una baridi."

Mkewe akasogeza kiti. "Haya. Halafu?"

"Halafu unakata. Hapa pembeni. Mate yanajaa."

"Huo ndio ukali. Ukali si uchungu, usije ukachanganya. Ukali unakata pembeni, uchungu unakaa nyuma kooni na hauondoki mpaka uuage. Ukishameza?"

"Hakuna kitu. Kama mtu kafagia."

"Ndiyo!" Mkewe alipiga meza. "Unafagia. Sasa kula samaki, kisha unywe."

Fundi alikula samaki, akanywa. Uso wake ukabadilika bila yeye kujua. Akala tena, akanywa tena, akataka kuchukua kipande cha tatu, mkewe akamzuia mkono.

"Sikukualika kushiba. Umesikia nini?"

"Mafuta yametoka. Samaki amebaki."

Waliendelea hivyo kila jioni. Biskuti yenye sukari iliufanya mvinyo uwe kama siki, Fundi akakunja uso. Mnofu wa ng'ombe uliuzamisha, hata usijue kama umekunywa. Jibini ya mbuzi na mvinyo vilielewana kama ndugu waliokutana stendi. Pilipili ilifanya moto wa mdomo uongezeke badala ya kupungua. Limao lilipatana nao, lakini tone tu, kwa sababu wakali wawili hawakai chumba kimoja. Mkewe alikuwa anajua hayo yote tangu zamani, kwa ulimi wake mwenyewe. Alichohitaji ni kuyasikia kwa mdomo wa mtu mwingine, ili awe na hakika kwamba mdomo huo unasema kweli.

Mwisho akaamua: samaki wa kukaanga, ngozi yake kavu inayovunjika, chumvi, majani mabichi yaliyokatwa, limao pembeni. Basi. Kitu chepesi, kisicho na pa kujificha.

Ilibaki namna ya kumwingiza Fundi mgahawani. Hilo halikuwa gumu. Kufuli ya stoo ya jikoni iliugua. Fundi aliitwa, akaitengeneza, na kabla hajaondoka akalegeza skrubu moja. Kesho yake ikaugua tena. Akawa anakuja kila mchana na boksi lake la vifaa, anakaa kwenye kigoda mlangoni mwa stoo, nje tu ya jikoni, na mkewe anapopita kuchukua chumvi anamwachia kijiko chini ya kitambaa. Fundi anaonja, ananong'ona, mkewe anaondoka.

"Shemeji," mhudumu mmoja aliyeitwa Mbio alimwambia, "hii kufuli ina ugonjwa gani? Ingekuwa mtu tungeshamwandikia wosia."

"Ni ya kizamani," Fundi alisema.

"Hata wewe ni wa kizamani, lakini unafunga."

Mbio aliitwa hivyo kwa sababu ya kuondoa sahani mezani. Mgeni akiinua glasi tu, sahani imeondoka. Mama Bosi alishamgombeza hata akachoka. "Mimi meza chafu inaniwasha," ndilo lilikuwa jibu lake siku zote.

Siku yenyewe ikafika. Fundi aliamka na jambo moja kichwani: leo ulimi uwe safi. Alichukua mswaki, akabana dawa ya meno ya kutosha watu wa nyumba nzima, akasugua. Akasugua meno, akasugua ulimi mpaka mwisho, akatema, akabana tena. Akavaa shati la kwenda kwa watu. Akala nini? Hakula. Hakutaka kitu chochote kipite pale kabla ya mvinyo. Na alipofika mtaa wa mgahawa aliuona ukuta una bomba, akatoa mswaki mfukoni na kile kirija cha dawa, akapiga mara nyingine, kwa heshima ya kazi.

Jikoni mkewe alikuwa amekwisha kuvaa aproni. Samaki wamekaushwa maji, wamepangwa kwenye kitambaa. Malimao yamekatwa. Chupa za mgeni zimezama kwenye ndoo ya barafu. Wifi alikuwa kwenye meza yake na bakuli la saladi, kimya, lakini ni ule ukimya wa mtu anayesikiliza.

Mpishi alifungua chupa ya kwanza kwa kizibuo, akamimina kidogo, akapeleka mdomoni mbele ya Wifi, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Kisha akaenda stoo kuchukua chumvi, glasi ikiwa chini ya kitambaa.

Fundi alipokea glasi. Alikunywa.

Kitu kilichomjia hakikuwa ufunguo mpya. Kilikuwa uchungu, uchungu wa kidonge kilichokwama kooni. Alikunywa tena, ukazidi.

"Chungu," alinong'ona.

Mkewe aliganda. "Ukali au uchungu?"

"Chungu. Unakaa nyuma. Hauondoki."

"Una hakika, Fundi? Niangalie."

"Kama dawa ya homa, bibie. Haki ya nani."

Mkewe alisimama pale na mkono kwenye mfuko wa chumvi. Labda chupa hizi ni za mavuno mengine. Labda bwana yule ameleta kitu tofauti na mfano wake, watu wenye mvinyo wana mambo yao. Hakuwa na ulimi wa kuuliza mara ya pili. Alikuwa na huyu tu, na huyu hajawahi kumdanganya. Na mvinyo mchungu ukiuwekea limao na chumvi tupu unaufanya uzomee. Unataka kubembelezwa: siagi, krimu, sukari kidogo.

Alirudi jikoni, akayakusanya malimao yake yote, akayatupa kwenye ndoo ya taka. Akaweka sufuria motoni. Akakata siagi kipande kikubwa.

"He!" Wifi alisema. "Leo samaki anaogeshwa maziwa?"

"Kata saladi yako."

"Nakata. Nimeuliza tu, kuuliza si kukopa."

Huko mbele viti vilisikika vikivutwa. Wageni wameketi. Samaki wakaingia kwenye mafuta, wakalia vizuri. Mpishi alikuwa anakoroga krimu kwa mkono mmoja na kugeuza samaki kwa mwingine, na jasho lilimshuka shingoni. Fundi alimwona kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Alimjua. Hivyo ndivyo alivyokuwa akishika mwiko siku mtoto wao alipokuwa hospitalini: kwa nguvu, kama utamtoroka.

Mbio alipita mbio, akiwa na jagi la maji ya machungwa waliyokataa wageni.

"Shemeji, kata kiu. Shati lako zuri litalowa jasho."

Akammiminia. Fundi alikunywa ili asionekane mkaidi. Akakunja uso.

"Haya machungwa yana nini?"

"Yana nini?"

"Machungu."

Mbio akachukua glasi, akanywa yaliyobaki. "Machungu wapi? Sukari tupu hii. Wewe mdomo wako una kasoro."

Akaenda zake. Fundi alibaki ameshika bisibisi. Machungwa hayawi machungu kama kidonge. Alipitisha ulimi kwenye meno. Yalikuwa laini, yanateleza kama sahani iliyooshwa. Akavuta pumzi kwa mdomo, ule ubaridi wa dawa ya meno ukamwingia mpaka kifuani.

Bisibisi ilianguka sakafuni.

Fundi hakuwahi kuvuka kizingiti cha jiko lile. Siku hiyo alivuka. Na aliyemkuta ndani, kwa viatu vyake vya kimya, alikuwa Mama Bosi, amesimama nyuma ya mkewe. Sahani zimepangwa mstari. Samaki wako juu yake. Mkewe ameinua kijiko kikubwa cha mchuzi mweupe juu ya sahani ya kwanza.

"Usimwage!" Fundi alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. "Nilipiga mswaki!"



"Ulipiga nini?" Mama Bosi aliuliza.

"Mswaki."

"Mswaki wako na mchuzi wangu wapi na wapi?"

Fundi akamtazama mkewe. Alikuwa amefungua mlango asioweza kuufunga, na ufunguo wake hakuwa nao. Kijiko kilikuwa bado hewani. Tone la mchuzi lilianguka juu ya bati.

Mpishi alirudisha kijiko kwenye sufuria. Alifuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kwa kidole.

"Ulimi wangu umekufa, Mama," alisema. "Tangu yale mafua. Sisikii ladha wala harufu. Yeye ndiye anayenionjea. Ameniambia mvinyo mchungu, nikabadilisha. Kumbe ni dawa ya meno."

Wifi aliweka kisu chini. Mama Bosi alimtazama mpishi, akamtazama Fundi, akaitazama ile kufuli ya stoo iliyokuwa inaning'inia na skrubu moja.

"Kwa hiyo kufuli…"

"Nzima," Fundi alisema.

Mama Bosi alichukua glasi, akaonja mvinyo. Akachovya kidole kwenye mchuzi, akalamba, akanywa tena. Uso wake ulikunjamana kama karatasi.

"Hivi vitu viwili vinatukanana."

"Nipe aproni, dada," Wifi alisema kwa sauti ndogo. "Wageni wamekaa."

Mbio alichungulia mlangoni, akaona nyuso, akarudisha kichwa chake.

"Samaki ni wako," Mama Bosi alimwambia mpishi. "Malizia ulichoanza. Sahani zikirudi, ndipo nitasema. Usinitazame hivyo, Wifi, nimesema zikirudi."

Mpishi alisukuma mchuzi pembeni. Akageuka kutafuta limao, mkono wake ukakuta meza tupu. Yote yako kwenye taka. Malimao yaliyobaki mle jikoni yalikuwa kwenye meza ya Wifi, ndani ya bakuli, yamekatwa tayari kwa saladi yake.

Macho yote yakaenda kwenye bakuli. Wifi alilishika. Alilishika kwa muda ambao Fundi aliuona mrefu kuliko ndoa yake. Kisha akalisukuma, likateleza juu ya bati mpaka ukingoni, mbele ya mpishi.

"Chukua," alisema. "Nikilipata hilo jiko nisije nikaambiwa nimelipata kwa malimao."

"Ahsante, Wifi."

"Usinishukuru. Kaanga."

Mpishi akampa mumewe maji. "Sukutua. Tena. Tafuna huu mkate. Tema. Tena."

Fundi alisukutua kwenye sinki la vyombo mbele ya mwenye mgahawa, akatafuna mkate, akatema, akasukutua mpaka mashavu yakamuuma. Mkewe akamkatia kipande cha samaki, akatia chumvi, majani, tone la limao, akamwekea mdomoni kwa mkono wake kama mtoto. Akampa glasi. Hapakuwa na kunong'ona tena.

"Sema," akamwambia.

Na Fundi, ambaye hata siku ya kuposa ndugu zake ndio walioongea, alisema mbele ya watu.

"Bado kuna dawa kidogo kwa mbali. Lakini umekuja. Baridi, ufunguo mpya, ndio ule ule. Unakata pembeni. Samaki kavu, anavunjika, mafuta yanakuja, mvinyo unayatoa. Limao liko sawa, usiongeze, watagombana. Ila samaki anaondoka mapema. Hajashika. Mwongezee chumvi."

Mkewe alichukua chumvi kwa vidole.

"Hapo?"

"Bado kidogo. Hapo. Hapo hapo, bibie."

"Mbio!" Mpishi aliita, na sahani zikaondoka.

Kungoja ni kazi mbaya. Mpishi alifuta jiko lililokuwa safi. Wifi aliosha kisu kilichokuwa kimeoshwa. Mama Bosi alikwenda kusimama ukumbini, mahali pa kuona meza bila kuonekana anaitazama. Fundi alichukua kufuli ya stoo, akakaza ile skrubu yake. Safari hii aliikaza kweli.

"Wanasema nini?" mpishi alimuuliza Mbio alipopita.

"Hawasemi. Wanakula."

"Kula kwa namna gani?"

"Kwa mdomo, dada, kwa nini kingine?"

Kisha sahani zikarudi. Mbio aliziweka kwenye sinki kwa mpigo mmoja. Miiba mitupu. Miiba mitupu. Ngozi hakuna. Halafu ya mwisho: samaki bado mzima, amekatwa upande mmoja mara moja tu, limao liko pale halijakamuliwa.

"Ya nani hii?" mpishi aliuliza.

"Ya mkubwa wao. Mwenye mvinyo mwenyewe."

Mama Bosi alikuwa ameingia, ameiona sahani, akageuka na kutoka tena.

Mpishi alipeleka mikono mgongoni, akafungua kamba ya aproni. Aliivua kwa kichwa, akaikunja mara moja, akaikunja tena, akalainisha kona. Aliiweka juu ya meza ya bati, upande wa Wifi. Wifi aliitazama kama mtu aliyeletewa kitu alichoagiza zamani, akakuta hakumbuki alikitakia nini.

Fundi alitaka kusema. Alitafuta. Maneno aliyofundishwa yote yalikuwa ya samaki na limao. La kufaa hapa hakulipata. Akamshika mkewe kiwiko tu.

"Si kosa lako," mkewe alisema. "Ulitaka kuwa safi."

Sauti ya Mama Bosi ilitangulia kuingia kabla ya mwili wake.

"Mbio! Uko wapi wewe? Nani amekuambia uondoe sahani ya yule bwana?"

"Aliweka uma chini, Mama."

"Aliweka uma chini aongezewe mvinyo! Anageuka na glasi yake imejaa, samaki hayupo! Anauliza watu wake kama kuna paka humu ndani!" Akamgeukia mpishi. "Na wewe aproni umemvulia nani? Anataka samaki mwingine, wa moto, vile vile. Vile vile, amesema, asiguswe na mtu mpaka yeye mwenyewe ainuke. Kaanga!"

Wifi aliichukua ile aproni. Aliikunjua, akamvisha mpishi kwa kichwa, akamfungia kamba nyuma, akaikaza zaidi ya ilivyostahili.

"Umenenepa," alisema.

"Kaza tu," mpishi alijibu, na kikaango kilikuwa kimeshalia.

Wageni walipoondoka na Mbio kuahidi kwa mara nyingine kwamba atajirekebisha, Mama Bosi alikuja kusimama mbele ya Fundi.

"Mvinyo wake tutauuza sisi, na jiko linabaki lilipo. Ila vijiko chini ya vitambaa sitaki. Ukija kuonja, onja mbele ya watu. Na mswaki, mzee wangu, ni jioni."

Kuanzia hapo Fundi alifunga kibanda kila mchana, akaja kukaa kwenye kigoda karibu na jiko. Ulimi wa mkewe haukurudi. Miaka ilipita na haukurudi, ila chumvi tu, kwa mbali. Walipika hivyo, yeye kwa mikono, huyu kwa mdomo, mpaka nguvu zikamwisha mpishi na akalala. Wakati wa kuumwa kwake, Fundi ndiye aliyemlisha. Kila kijiko mkewe aliuliza, "Ukoje?" Na Fundi alionja kwanza, akamweleza: huu uji una moshi kidogo, hapa kuna maziwa, yako hai, yanakuja nyuma. Kwa namna hiyo alikula. Asubuhi moja Fundi alieleza, na hakuulizwa kijiko cha pili.

Walipokwisha kuzika, alikaa nyumbani muda mrefu. Kisha siku moja mchana miguu ikampeleka mgahawani. Kigoda kilikuwa pale pale. Jikoni alikuwapo Wifi. Hakumpa pole, alishampa. Alimwekea sahani ya samaki, ngozi kavu, limao pembeni, na glasi ndogo ya ule mvinyo mweupe, baridi mpaka imetoka jasho.

Fundi alikula. Akanywa. Alitafuna polepole, na Wifi akangoja na kijiko mkononi.

"Ukoje, Fundi?"

Alikaa na glasi. Alisikia kila kitu. Ufunguo, pembeni, mafuta yakitoka, samaki akiondoka mapema.

"Tamu," alisema.

Wifi aliijua maana yake: mlango umefungwa, na samaki hajashika. Aligeukia jiko, akawaongezea chumvi samaki waliobaki.